Namba Sita wa Madaraja ya Chini

Wazazi wanaoniletea watoto mazoezini hapa Tanga karibu wote huanza na swali moja: mwalimu, huyu atafika Simba au Yanga? Siku hizi wapo wasiotaka kuishia hapo, wanataja Ubelgiji na Uingereza, kwa sababu ya Mbwana Samatta. Ni swali la haki kabisa. Mzazi anayefunga genge lake saa kumi jioni ili amsindikize mwanawe uwanjani ana haki ya kuota. Mimi huwajibu kwa hesabu. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Hata kila timu ikisajili wachezaji 30, nafasi zote hazifiki 500 kwa nchi nzima, na sehemu ya hizo huchukuliwa na wachezaji kutoka nje. Sasa hesabu watoto wanaocheza chandimu jioni moja tu, kuanzia Makorora mpaka Mikanjuni. Wengi wa wale wenye kipaji na bidii, wale ambao kweli watakuwa wachezaji, watacheza nilikocheza mimi: ligi ya mkoa, yale madaraja ambayo enzi zangu yaliitwa Daraja la Pili na Daraja la Kwanza, na ndondo katikati ya misimu. Nimeamua kuwaambia hivyo mapema, na kuwaambia pia kwamba huko nako ni mpira, una ufundi wake na unataka maandalizi yake.

Nilicheza namba sita, kiungo mkabaji, kwa zaidi ya miaka kumi katika timu mbalimbali za madaraja hayo. Sikuwahi kucheza dakika moja ya Ligi Kuu. Watu wakilisikia hilo huniangalia kwa huruma, kama wanavyomwangalia msafiri aliyeachwa na basi. Huruma hiyo siihitaji. Nilikuwa na kazi, niliijua, na waliocheza nami wanajua kwamba niliijua.

Nimezaliwa Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba na mapenzi ya mpira yanafuata namba hizohizo. Barabara ya 11 ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Barabara ya 12 ni African Sports, Wana Kimanumanu. Utotoni mwangu wazee wa vijiwe vya kahawa walikuwa bado wanaishi ndani ya mwaka 1988, mwaka ambao Coastal ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Ukikaa nao kidogo wanarudi nyuma zaidi, mpaka Taifa Stars ya 1980 iliyokwenda Lagos kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, na hapo lazima atajwe kocha Joel Bendera, kwa kuwa ni mtu wa Korogwe, ni wetu. Bao la Peter Tino kule Ndola, lililowavusha mbele ya Zambia, nililisikia likisimuliwa mara nyingi kiasi kwamba nikifumba macho naliona, ingawa lilifungwa kabla sijazaliwa.

Nayapenda masimulizi yale mpaka leo. Lakini yalikuwa na pengo. Hakuna mzee aliyewahi kutusimulia habari za mchezaji wa kawaida: yule wa timu ya bandari, wa timu ya mashamba ya mkonge, wa timu ya mkoa iliyopanda na kushuka bila gazeti kuandika. Kwa hiyo tulikua tukijua vyumba viwili tu, cha Lagos na cha nyumbani. Katikati hapakuwa na kitu.

Aliyeniingiza katikati hapo alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amecheza ligi ya mkoa enzi zake, goti likamkatalia, akabaki na spana zake chini ya mwembe na watoto wa mtaa jioni. Hakuwa na cheti cha ukocha. Mipira alikuwa nayo miwili, mmoja umeshonwa mpaka hauna tena umbo la kuaminika. Na zoezi alilotupa viungo lilikuwa moja, kwa miaka. Yeye anasimama nyuma yako kama hatua kumi. Mwenzako anakupigia mpira kutoka mbele. Kabla mpira haujakufikia ugeuze shingo, uone fundi amenyoosha vidole vingapi, uvitaje kwa sauti, ndipo upokee. Ukivitaja baada ya kugusa mpira, mnaanza upya. "Shingo, mwanangu, shingo!" Tulikuwa tunamsikia usingizini.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kusomea leseni ya chini kabisa ya ukocha ya CAF, mkufunzi alitufundisha kuchunguza uwanja kabla ya kupokea, akatuonyesha picha za viungo wakubwa wa Ulaya wakigeuza vichwa mara kwa mara. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa namfikiria mtu wa spana. Alilifikia jambo lile kwa akili yake mwenyewe, kwa sababu katika uwanja wa vumbi wenye mashimo mpira ukishagusa mguu wako lazima macho yaangalie chini, la sivyo unakupotea. Basi kuona kote kufanyike kabla. Ubovu wa uwanja ulimfundisha kile ambacho wengine walikipata kwenye vitabu, naye akatupa bure.

Namba sita wa madaraja ya chini ana kazi tofauti kidogo na yule unayemwona kwenye runinga. Yule anapokea mpira kutoka kwa beki, anageuka, anausambaza. Kwetu sisi, beki akikupa pasi ya chini kwenye uwanja mkavu amekuuza. Mpira unarushwa mbele, unapigwa vichwa, unarudi. Kazi yako ni kuwa pale utakapodondokea baada ya kile kichwa. Waandishi huuita mpira wa pili. Ukiokota mipira ya pili mingi kuliko mwenzako, timu yako inacheza upande wao wa uwanja, na hakuna shabiki atakayejua kwa nini. Atasema mshambuliaji leo amechangamka.

Hilo nilifundishwa na kiungo mkongwe niliyemkuta katika timu yangu ya kwanza ya Daraja la Kwanza. Tulimwita kaka, hata kocha alimwita hivyo. Mie ndiye niliyekuja kumnyang'anya nafasi, alijua, na bado alinichukua chumba kimoja naye kila tuliposafiri. Asubuhi ya mechi ya ugenini alikuwa anaamka mapema, ananigonga mguu, tunakwenda uwanjani kabla ya chai. Anavua ndala. Anatembea uwanja mzima peku, polepole, kutoka kona hadi kona. Hapa pana mchanga, mpira utakufa. Hapa pagumu, utadunda juu ya kichwa chako, rudi hatua mbili. Goli lile litapigwa na jua kuanzia saa kumi na moja, mwambie nahodha akishinda shilingi tulishambulie kipindi cha pili. Tulitembea hivyo Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, Kambarage ya Shinyanga, Namfua ya Singida, na viwanja vingine ambavyo havina hata jina. Tulipofika Kaitaba ya Bukoba, yenye nyasi bandia, alitabasamu akasema hapa leo hatuna siri.

Nimekutana na wachezaji wenye kipaji kuliko yeye. Sijakutana na aliyeiheshimu kazi yake zaidi. Na heshima ile haikuwa na mtazamaji. Saa moja asubuhi, uwanja mtupu, mechi isiyorushwa na redio yoyote, na mtu mzima anakagua ardhi kwa nyayo zake kama mkulima kabla ya kupanda. Mechi zenyewe zilitazamwa na watu mia mbili tatu. Ninapoulizwa nani alinivutia katika mpira, watu hutarajia nimtaje Makélélé, na kweli nilimpenda Claude Makélélé. Lakini Makélélé hakuwahi kunigonga mguu alfajiri.

Safari zetu zinastahili makala yao peke yake. Kutoka Tanga ukienda Kigoma unavuka nchi. Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, na bado hujafika. Tulikuwa tunakwenda kwa Coaster ya kukodi, magoti yamegusa kiti cha mbele, chakula ni machungwa ya Muheza tuliyonunua mwanzo wa safari na mahindi ya kuchoma njiani. Unafika usiku, kesho yake saa kumi unacheza na vijana waliolala kwao. Mtu anayesema wachezaji wa madaraja ya chini hawana pumzi angesafiri nasi mara moja tu.

Lakini ninayetaka kumkumbuka zaidi hapa ni mama lishe mmoja aliyetupikia kambini katika timu niliyokaa muda mrefu kuliko zote. Klabu ilikuwa na deni kwake tangu msimu uliotangulia. Kila wiki aliahidiwa, kila wiki alipika. Wali, maharage, dagaa, siku ya mechi kipande cha nyama. Alijua nani hali pilipili na nani ana vidonda vya tumbo. Siku moja mfadhili alitupa fedha za ushindi, zikagawanywa palepale chumba cha kubadilishia nguo. Kaka yule mkongwe alivua kofia, akaweka noti moja ndani, akaipitisha. Hakutoa hotuba. Kofia ilipomrudia ilikuwa imejaa, tukaipeleka jikoni kabla ya kwenda kuoga. Mama alizihesabu mbele yetu, akaandika kwenye daftari lake, akakata deni kiasi hicho hicho. Hakuzichukua kama zawadi. Zilikuwa stahili yake na alitaka zionekane hivyo.

Nimeijua nguvu ya timu ile kuanzia siku hiyo. Watu huandika kuhusu mifumo, 4-4-2 na 4-3-3. Mfumo wetu ulikuwa kwamba wachezaji ishirini na kitu walikubaliana nani alipwe kwanza.

Mwaka 2016 ulikuwa mchungu kwa yeyote aliyeipenda soka ya chini, na kwetu Tanga uchungu ulikuja mara mbili. Mwezi Februari, siku ya mwisho ya kundi moja la Daraja la Kwanza, timu mbili zilizokuwa zinagombea nafasi ya kupanda zilishinda kwa mabao 8 kwa 0 na 7 kwa 0. Nchi nzima ilishtuka. TFF ilichunguza, ikazishusha daraja timu zote nne za mechi hizo kwa upangaji wa matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapanda badala yao. Mbao hao hao mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma, wakafungwa na Simba 2 kwa 1. Adhabu ilikuwa ya haki, na Mbao walithibitisha kwamba walistahili. Ila ninachokumbuka ni namna watu walivyotutazama mitaani. Kwa msimu mzima, ukisema unacheza Daraja la Kwanza, mtu anacheka na kuuliza mechi ya wiki ijayo mmepanga itakuwa ngapi. Wachezaji mamia waliokuwa wakisafiri usiku kucha ili wacheze kwa haki walibebeshwa aibu ya siku moja. Mtu akiuza mechi anauza pia jina la wenzake wote ambao hakuwahi kukutana nao. Vijana wangu nawasomesha habari hii kila mwaka, kwa tarehe na matokeo yake, wangali wadogo.

Kisha Mei ikaja, na Ligi Kuu ilipofungwa timu tatu za Tanga, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zikashuka zote kwa pamoja. Zote tatu, na ndizo pekee tulizokuwa nazo. Mkwakwani, uwanja uliokuwa ukizipokea Simba na Yanga kila msimu, ukabaki na sisi wa chini. Baadhi ya watu waliacha kabisa kuja. Waliobaki walikuwa wachache, nami nakiri niliwapenda waliobaki kuliko nilivyowahi kupenda umati. Unaanza kuzijua sauti. Unajua yule wa jukwaa la mashariki atakutukana ukipiga pasi ya nyuma, na unajua atakusalimia kesho sokoni. Coastal ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018, na msimu wa 2023/24 ikamaliza nafasi ya nne na kwenda kucheza michuano ya Afrika. Baina ya kushuka na kurudi kuna watu waliocheza mechi ambazo hakuna anayezikumbuka. Timu ilirudi juu ya migongo yao.

Zipo siku ambazo ukuta baina ya juu na chini unapasuka. Desemba 2017, Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa penalti pale Chamazi, na Simba ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi. Desemba ya mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma, wakiwa bado madaraja ya chini, wakaifunga Simba hiyo hiyo 3 kwa 2 katika Uwanja wa Taifa. Mechi ya Green Warriors niliitazama nikiwa gesti, mkoani, na timu nzima imejazana mbele ya runinga moja. Wengine walikuwa mashabiki wa Simba wa kuzaliwa. Penalti ya mwisho ilipokwisha, chumba kizima kilisimama kushangilia, pamoja na wao. Tulikuwa tunawajua wale vijana, si kwa majina, ila tulijua Coaster waliyokuja nayo na chai waliyokunywa.

Magazeti siku iliyofuata yaliandika kuhusu aibu ya Simba. Nilitamani mwandishi mmoja angeandika namna viungo wa Green Warriors walivyojipanga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike. Katika timu nyingi nilizopita, mkataba ulikuwa karatasi ya ukurasa mmoja: ada ya usajili, mshahara wa mwezi, sahihi mbili, muhuri. Hakuna neno juu ya matibabu. Goti langu lilipochanika kano, ugenini, mechi ya kawaida tu, uongozi wa timu niliyokuwapo ulinitakia heri na kuniambia nisubiri. Nilisubiri. Mshahara nao ulisimama, kwa maelezo kwamba mchezaji anayelipwa ni yule anayecheza. Upasuaji ulilipiwa na mchango wa wachezaji wenzangu, pamoja na watu wa timu tuliyokuwa tunacheza nayo siku ile, ambao walichangishana bila kuombwa. Yule aliyenikanyaga alikuja kuniona wodini na mfuko wa ndizi. Aliniamkia shikamoo kwa kuwa alikuwa mdogo kwangu, akakaa mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Wema ule sitausahau. Lakini mchezaji hapaswi kutegemea wema. Kanuni za FIFA ziko wazi kwamba mchezaji wa kulipwa ni mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazoingia kwa kucheza. Tangu mwaka 2018 zinasema pia kwamba klabu ikishindwa isivyo halali kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia barua, akaipa walau siku 15 imalize deni, na isipolipa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Nimewauliza wachezaji wengi wa madaraja ya chini kama wanaijua kanuni hiyo. Wanaijua ya kuotea vizuri zaidi. Na viongozi wengi wa klabu hizi ni watu wanaotoa mfukoni mwao, sina shaka na mapenzi yao, ila mapenzi hayatibu goti. Klabu isiyoweza kulipa laki tatu isiandike laki tatu. Iandike laki moja, na ilipe.

Miezi ile ya kujiuguza nilijiandikisha VETA, umeme wa majumbani. Niliporudi uwanjani nilikuwa mchezaji aliyetulia zaidi. Nilikuwa na nyumba za kufunga nyaya kule Pongwe siku za katikati ya wiki, kwa hiyo mshahara ukichelewa sikuingia uwanjani nikiwaza kodi ya chumba. Makocha wengi wanaogopa mchezaji mwenye kazi nyingine, wanaona akili yake imegawanyika. Mimi niliona kinyume chake. Mwenye njaa ndiye akili yake imegawanyika, na ndiye mtu wa kwanza ambaye mpanga matokeo atampigia simu.

Machi Mosi 2020 nilikuwa kwenye kibanda umiza, watu wamebanana, Samatta alipoifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Villa walifungwa 2 kwa 1, hakuna aliyejali. Mzee mmoja karibu nami alilia waziwazi. Nami nilijawa na fahari ambayo siwezi kuieleza sawasawa. Usiku nilipolala niliwafikiria watu wa Mbagala, aliokuwa akicheza nao kabla hajafika Simba, kabla ya TP Mazembe na Genk. Yupo mtu, mahali fulani Dar es Salaam, labda leo ni dereva wa bodaboda, ambaye alimpigia krosi Samatta mazoezini mpaka kichwa kile kikajua kazi yake. Krosi ya Wembley ina babu yake.

Kwa hiyo wazazi nawajibu hivi. Mwanao nitamfundisha shingo. Nitamfundisha kusoma uwanja kwa miguu. Akifika miaka kumi na sita, kama bado yupo nami, atakuwa na ufundi mmoja wa mkono au shule inayoendelea, la sivyo sitamwandikia barua ya kwenda timu yoyote. Na siku ya kusaini tutakaa mezani watatu, mimi, yeye na wewe, tusome karatasi neno kwa neno. Wengine huondoka na watoto wao kwenda kwa mwalimu anayeahidi Ulaya. Wanaobaki wananitosha.

Mwezi uliopita mmoja wao, namba sita, amepata timu ya madaraja ya chini. Tulikaa kibarazani kwao baada ya magharibi, mama yake ameshika tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikatika. Mkataba ulikuwa na kurasa tatu, jambo lililonifurahisha tangu mwanzo. Mshahara upo, muda upo, kipengele cha kuvunja kipo. Cha matibabu hakikuwapo. Kijana alinong'ona kwamba aache tu, asije akaikosa nafasi. Mama yake akamnyamazisha kwa jicho. Nikampigia simu katibu wa klabu palepale, tukajadiliana kwa heshima karibu nusu saa, na kesho yake karatasi ililetwa upya ikiwa na kifungu cha nne. Akasaini.